Baraza za Mji Mkongwe: tunahifadhi jiwe au mkao?

Mkaazi wa Malindi
Assalamu alaykum. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango yake ya nakshi inatunzwa kama mboni ya jicho, lakini baraza za mawe na chokaa zilizoshikamana na kuta zinakosa wakaaji. Mtaani kwetu nyumba yenye baraza ndefu imegeuzwa hoteli, na juu ya baraza vimepangwa vyungu vya maua, kila dhiraa kimoja, ili mtu asipate pa kuweka kitako. Je, tunahifadhi jiwe au mkao? Siwatetei wale waliokuwa wakishinda hapo bila ya kazi. Hao hata urithi hauwataki.

Fundi Chokaa
Mzee wangu, neno lako la mwisho limenichoma. Marehemu baba alikuwa mchukuzi bandarini, na siku ambayo meli haikufika alishinda barazani akicheza bao. Hapo ndipo alipofuatwa kazi ilipopatikana, na hapo ndipo zilipochangwa sanda za majirani. Huo si uvivu. Na masika yalipojaza maji vichochoro, sote, wenye kazi na wasio nayo, tulipita juu ya baraza.

Bint Mkunazini
“Sote” hao ni akina nani? Nilipokuwa msichana, nikipita barazani mazungumzo yalikatika, na nikishakata kona vicheko vilianza. Wanawake tulikuwa na ua wa ndani ya nyumba. Mama zetu walipohamia maghorofa ya Michenzani ua ukabaki nyuma, na sikumbuki mwanamume aliyeufungulia mjadala.

Mkaazi wa Malindi
Dada yangu, mimi nimezungumzia vyungu vya maua. Hata hivyo nakiri kwamba pale Jaws Corner, kiwanja kidogo cha Mji Mkongwe, kahawa bado inamiminwa na dumna bado zinagongwa.

Fundi Chokaa
Kahawa gani, mzee? Siku hizi ni maji ya moto yaliyotiwa rangi, na kinachonywewa hasa ni siasa.

Bint Mkunazini
Na kashata zinazoliwa na kahawa hiyo hupikwa na nani, na wapi?

Fundi Chokaa
Ninazozila mimi anazipika shangazi yangu. Alikuwa akizipikia uani, lakini nyumba imeuzwa, basi siku hizi anaweka jiko barazani kwa jirani, na mnunuzi wa nyumba hiyo nayo amekwishakuja mara mbili kupima.