Sabuni ya ngozi nyeti: zeituni tupu, mchanganyiko au besi ya kuyeyusha?

NgoziKavu: Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana pumu ya ngozi na sabuni nyingi zinamwacha anajikuna. Nataka kutengeneza mwenyewe. Nasitasita kati ya zeituni asilimia 100, zeituni iliyochanganywa na nazi na siagi ya shea, au besi iliyo tayari ambayo unayeyusha tu na kumimina. Ipi ni pole zaidi?

MwikoMkuu: Zeituni tupu, lakini uwe na subira. Sabuni ya njia baridi, yaani isiyopikwa motoni, kwa kawaida hukomaa wiki 4 hadi 6. Hii ipe miezi 6, ukiweza mwaka. Ukiiwahi inateleza kama mlenda na inaisha upesi. Povu lake ni dogo, halina mbwembwe.

BintiShea: Hapo kwenye mlenda ndipo watoto wanapoikataa 😅 Mimi nipo na mchanganyiko: zeituni gramu 700, nazi 150, shea 150, kostiki soda (alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) 131, maji 262. Kwa vipimo hivyo, karibu asilimia 7 ya mafuta hayageuki sabuni, na hayo ndiyo yanayoipoza. Nazi usiizidishe. Inaleta povu jingi, ila inakomba hadi mafuta ya ngozi yenyewe. Na upime kwa mizani, vikombe havifai kabisa.

Mpita_Njia: Kwani ukikamulia ndimu si inapunguza huo ukali?

MkemiaJikoni: Hapana. Sabuni halisi ni alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali; 7 ni katikati) ni kama 9 hadi 10, wakati ngozi iko karibu na 5. Ndimu inachofanya ni kula kostiki: gramu 10 za asidi ya sitriki humaliza gramu 6 na ushee. Unabaki na mafuta mengi ambayo hayakugeuka na mche laini unaobonyea, huku pH ikiwa karibu pale pale.

NgoziKavu, nikwambie ukweli: kama ngozi ya mtoto imechachamaa, imepasuka au inatoa maji, sabuni ya aina yoyote ingoje. Mpeleke kwa daktari. Kuna miche ya kuogea isiyo sabuni, yenye pH ya karibu 5.5, na huwa ndiyo salama zaidi kipindi hicho.

MwikoMkuu: Hapo sina ubishi.

Mama Wawili: Besi nayo msiidharau jamani. Hushiki kostiki kabisa, na mwenye watoto wadogo wanaozurura jikoni anajua hilo lina uzito gani. Ila soma viambato. Ukiona sodiamu lauril salfeti, achana nayo, inawasha. Tafuta isiyo na manukato wala rangi.

BintiShea: Manukato ndiyo adui mkubwa kuliko hata aina ya mafuta. Watu wanaona mafuta ya mdalasini au karafuu ni ya asili, wanamiminia, halafu wanashangaa ngozi inawaka. Ukitaka kuongeza kitu, weka kijiko cha oti zilizosagwa hadi ziwe unga laini. Chembe kubwa zinakwaruza.

NgoziKavu: Asanteni sana. Basi kwa sasa naanza na besi isiyo na harufu, huku nikiandaa mchanganyiko wa BintiShea. Sufuria ya alumini inafaa?

MkemiaJikoni: Usithubutu! Kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki, la sivyo yatakurukia. Vaa glovu na miwani, fungua madirisha. Ikikudondokea, mwagia maji mengi kwa muda mrefu, usihangaike na siki.

Mama Wawili: Na mtoto awe amelala au yuko kwa bibi yake. Sabuni ikishakomaa, jioshee wewe kwanza, kisha umjaribishie sehemu ndogo ya mkono kwa siku kadhaa kabla ya kumwogesha mwili mzima.