Fumbo la maneno la vipimo vitatu kwa Kiswahili: tabaka la pili linakataa

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, tangu Arthur Wynne alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, mafumbo ya maneno yamebaki zaidi kwenye karatasi bapa, neno moja likienda mlalo na jingine wima. Nataka kuwatungia wanafunzi wangu fumbo la mchemraba, ambamo kila kisanduku kinapitiwa na maneno matatu. Nikijaza herufi za tabaka la kwanza, la pili linakataa. Je, tatizo ni msamiati au ni lugha yenyewe?

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Ni muundo wa lugha, Mwalimu. Maneno yetu mengi hupanga konsonanti na irabu kwa zamu, kisha huishia kwa irabu. Ukiandika BATA juu, safuwima ya pili itaanza na A, na ikifuata zamu hiyohiyo kwa visanduku vinne itaishia kwa konsonanti, jambo ambalo ni nadra sana kwetu. Kwenye karatasi bapa visanduku vyeusi hutuokoa, kwa kuwa si lazima kila herufi ikatwe. Mchemraba uliojaa hauna nafasi hiyo.

Kwa hiyo weka silabi katika kila kisanduku badala ya herufi. Nimeunda huu wa 2 × 2 × 2:

Tabaka la mbele
SA BA
KA TA

Tabaka la nyuma
WA LI
ZI MA

Mlalo tunapata saba, kata, wali, zima. Wima, saka, bata, wazi, lima. Na kutoka mbele kwenda nyuma, sawa, bali, kazi, tama. Ni silabi 8 na maneno 12, wala hakuna linalojirudia. Mbele niliweka silabi zinazoanzisha maneno mengi, ili nyuma nibaki na uchaguzi mpana.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)
Ndugu wa Himbi, nimefurahi sana kuuona. Neno tama, lile la kushika tama, huenda likawashinda vijana wengi wa huku, lakini nadhani halina madhara: TA inathibitishwa na kata na bata, MA na zima na lima, hivyo asiyelijua atalipata bila kidokezo. Mchemraba humbana mtungaji na kumsaidia mjazaji. Mwalimu, chapisha matabaka ubavu kwa ubavu, na vidokezo uvigawe katika makundi matatu kwa mwelekeo.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Asanteni sana. Je, vipimo vinne vinawezekana?

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Vinawezekana. Chora michemraba miwili kama huu, kisha kila silabi ya wa kwanza iungane na ile iliyo mahali palepale katika wa pili. Utakuwa na silabi 16 na maneno 32. Anza na ule wa pili ukiwa mtupu, ukiorodhesha kwanza silabi zinazoweza kufuata LI na ZI, kwa maana hapo ndipo uchaguzi utakapokuwa finyu.