Profesa wa sheria kukalia kiti cha chuo kikuu: mwasemaje?

Mleta mada, Lamu:
Assalamu alaykum, wanabaraza. Jana baada ya alasiri tulibishana Mkunguni hadi kahawa ikapoa. Je, bingwa wa sheria afaa kuongoza chuo kikuu?

Mimi nasema afaa, na shahidi wangu ni Lee Bollinger wa Marekani. Alibobea katika sheria ya uhuru wa kusema, akaongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Michigan, akawa rais wa chuo hicho (huko mkuu wa chuo, kwetu makamu wa chansela, huitwa rais), kisha wa Chuo Kikuu cha Columbia toka 2002 hadi 2023. Akiwa Michigan, chuo kilishtakiwa kwa kuzingatia rangi ya waombaji katika udahili, na kesi ikabeba jina lake. Hakurudi nyuma. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupitisha udahili wa kitivo cha sheria, majaji watano kwa wanne. Ule wa shahada ya kwanza, uliogawa pointi kwa rangi, ukaanguka siku hiyohiyo.

Mchangiaji, Malindi:
Kaka, malizia hadithi. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo iliifuta njia yenyewe ya kuzingatia rangi. Halafu chuo si kesi tupu. Kuna maji bwenini, kuna mishahara ya wahadhiri. Profesa Magoha alikuwa daktari wa upasuaji, na aliongoza Chuo Kikuu cha Nairobi miaka kumi, 2005 hadi 2015.

Mleta mada:
Dada, umenipa silaha mwenyewe! Magoha huyohuyo, alipokuwa waziri wa elimu mwaka 2020, alifuta uteuzi wa Profesa Kiama kuongoza chuo hichohicho. Mambo yakaishia mahakamani, Kiama akabaki kitini. Naye fani yake ni tiba ya wanyama.

Mchangiaji, Malindi:
Sasa huoni? Daktari wa mifugo aliokolewa na sheria bila yeye kuwa mwanasheria. Wakili huajiriwa, kaka. Ndiyo maana vyuo vina maafisa wa sheria.

Mzee wa Langoni:
Wanangu, mwazunguka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya. Mojawapo ya makosa yaliyoonekana: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwadhani serikali ilikosa wanasheria? Ilikuwa nao tele. Kujua sheria ni jambo moja, kumuuliza mvuvi kabla hujachimba bahari yake ni jingine. Na mwanafunzi ni mvuvi vilevile.

Mleta mada:
Mzee wangu, hapo umenibana. Ila tazama: kesi ile ya pointi waliyoshindwa ndiyo iliyowafanya Michigan waache hesabu, wakaanza kusoma faili la kila mwombaji, mmoja mmoja. Si ndiko kuuliza huko?

Mzee wa Langoni:
Waliambiwa na jaji, mwanangu. Si na profesa.