Huyu askari wa bariyera, sauti ya mama yangu ilimkosea nini?

Nimefika nyumbani sasa hivi, mikono inatetemeka. Mnamjua. Kila anayeenda Ruashi, hapa Lubumbashi, anamjua: miwani nyeusi hata usiku, kitambi kinafika leo, mwenyewe anafika kesho.

Natoka swala ya Ijumaa, kanzu na kofia. Taksi moja na jirani yangu mwenye rozari shingoni. Yeye: "Pita, papa." Mimi: "Wewe, shuka. Leta telefone." Karatasi ya jaji hakuna, hata jina hakuniuliza. Kanzu ilimtosha.

Akaingia WhatsApp, akabonyeza sauti ya mama yangu. MAMA YANGU! Anatangaza kifo cha mjomba kule Kasongo: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun." Akairudia mara tatu, wauza ndizi wote wanasikia, kisha: "Huyu mama anatoa amri gani?"

Amri! Mama ambaye hata kutuma sauti anabonyezewa na mjukuu!

Nikamtajia Katiba ya Kongo ya 2006: kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua na simu, cha 22 dini. Akajibu: "Katiba iko Kinshasa." Akabonyeza tena. Mara ya nne. Mama analia ndani ya simu, yeye anatafuna karanga.

MwanaKatuba: Pole ya msiba, ndugu. Huyo alisoma ujumbe wa mchumba wangu mbele ya taksi nzima. Mpaka konda ananiita "mpenzi".

KisuKikali: Dakika tano za simu unalia hivi? Waasi wa ADF wanachinja watu Beni, huko mashariki. Acha wachunguze. Na kanzu si ungeivua?

Mwenye uzi: Mei 2021, palepale Beni, imamu aliyewapinga hao waasi alipigwa risasi msikitini, watu wakiswali. Wanatuua, halafu unaniambia nivue kanzu? Mara NNE, ndugu. Sauti ya msiba!

YayaKamalondo: New York kitengo kimoja cha polisi kilipeleleza misikiti na maduka ya Waislamu miaka na miaka baada ya 2001. Mwaka 2012 mkubwa wao akakiri kwa kiapo: kile kitengo hakikuleta hata fununu moja ya kufungulia uchunguzi wa ugaidi. 2014 kikavunjwa.

KisuKikali: New York wana karanga?

MwanaKatuba: Karanga tunamnunulia sisi. Juzi amenikamua elfu tano.

MamaMakala: Elfu tano tu? Mimi elfu kumi na gunia la makala, mkaa wangu wa kuuza. Akachagua lile kavu.

Mwenye uzi: Jamani, mama yangu hajui kama sauti yake imesikika njiani. Nimwambie?

MwanaKatuba: Makala gunia bei gani sasa? Huku Katuba umeme hatuna tangu Jumanne.

YayaKamalondo: Jumanne! Sisi tangu Jumapili, na fundi anadai pesa ya ngazi.

MamaMakala: Ngazi? Kwetu alidai na ya viatu.