Tupeane uzoefu: stuli ya mbao ya kupandia, vidato viwili, ya kutengeneza nyumbani

Jikoni_South_B: Wadau, kabati za juu hazifikiki, na kiti cha plastiki kwenye taili ni hatari tupu. Anayejua vipimo, mbao na makosa ya stuli ya kupandia aweke hapa kinaganaga.

Msumeno_Umoja: Nunua mbao za saiprasi zilizopigwa randa, upana na unene kwa inchi: ya 8 kwa 1, futi 8, ya 2 kwa 1, futi 7, ya 3 kwa 1, futi 3. Ile ya 8 toa vipande viwili vya inchi 15, viwili vya inchi 7 na viwili vya inchi 16. Hizo ni inchi 76. Inchi 20 zinazobaki si hasara, maana mbao ya yadi ya kuuzia mbao karibu kila mara imepasuka nchani na huko lazima ukate utupe. Kila ubavu ni kipande kirefu nyuma na kifupi mbele, vimesimama bega kwa bega. Vya inchi 16 ndivyo vya kukanyagia. Ukihesabu na unene wake, kidato cha kwanza kitafika kama inchi 8, cha pili 16.

Vipande vinavyofanana vifunge pamoja uvikate kwa mkupuo mmoja. Tofauti ya mstari wa penseli tu inatosha kuifanya stuli icheze.

Randa_Kali: Vipimo sawa, ila nguvu ya stuli iko kwenye maungio. Usipige skrubu kutoka juu ya kibao moja kwa moja hadi kichwa cha ubavu. Pale nyuzi zimesimama wima, skrubu inajipenyeza katikati yake kama kijiti kwenye ufagio, na huchomoka vivyo hivyo. Weka papi, yaani ile 2 kwa 1, upande wa ndani: mbili za inchi 14 kila ubavu, moja usawa wa kidato cha chini na nyingine inchi 2 kutoka sakafuni, zikishika kipande kirefu na kifupi, kisha moja ya inchi 7 juu kabisa. Papi zifungwe kwa skrubu za inchi 1½, na kibao kifungwe kwenye papi kwa skrubu za inchi 2. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, la sivyo saiprasi itapasuka kufuata nyuzi.

Ile 3 kwa 1 toa vipande viwili vya kutosha upana wa stuli, uvifunge mgongoni juu na chini. Bila hivyo stuli inayumba kushoto na kulia.

Jikoni_South_B: Na misumari je?

Randa_Kali: Uzito wa kusimama inabeba. Lakini mtu akipanda anajipinda, na kila akijipinda msumari unapanda kidogo. Utajua soksi zikianza kunasa kwenye kichwa chake.

Mbao_Gikomba: Hakuna aliyetaja unyevu, na ndio unaoharibu kazi nyingi. Saiprasi mbichi ni nzito na baridi ukiigusa kwa shavu. Ipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, upime kipande kimoja kwenye mizani kila siku chache. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Kwa hiyo papi inayokatiza ubavu usiitie gundi, iachie skrubu peke yake. Ukiigandisha, ubavu ukisinyaa hauna pa kwenda, unapasuka. Gundi nyeupe ni ya pale bega kwa bega tu. Kaza kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe, hadi kesho yake.

Wanaotumia mbao za paleti za Industrial Area, Nairobi, wasome muhuri: HT ilitibiwa kwa joto, MB kwa gesi ya sumu. Ya MB iacheni.

Fundi_Kahawa_West: Msasa namba 80, halafu 120, kufuata nyuzi. Juni na Julai vanishi hukawia kukauka kwa baridi, usiharakishe mkono wa pili, yaani kupaka mara ya pili. Chini ya miguu, yaani pale vipande vinne vya mbavu vinapogusa sakafu, paka mara tatu, kwa sababu nyuzi zilizokatwa hufyonza maji ya kupigia deki. Juu ya vibao bandika utepe wa mpira. Vanishi inayong'aa inateleza.

Ikicheza, iweke kwenye taili iliyo sawa, sukuma kadi chini ya mguu ulioinuka hadi itulie, kisha punguza miguu mingine mitatu kwa unene wa hiyo kadi. Tumia msasa, usitumie msumeno.