Ushauri: nabishanaje na mtu anayejibu hoja kwa kejeli?

Mtu_Kati: Wakuu habari za mchana, naomba ushauri siyo utani. Tuna grupu la WhatsApp la watu wa kwetu tupo kama 1,500, mimi mmoja wa maadmini, sasa kuna mzee humo nikitoa hoja yeye kejeli tu. Juzi mada Simba na Yanga, nimemwekea zile 5-0 Simba walizowafunga Yanga Mei 2012, akajibu kwa picha ya mkono wa vidole vitano na "dogo kanywe uji". Nifanyeje mjadala uwe wa kistaarabu?

KijikoChaSupu: Kwani 5-1 Yanga waliyowafunga Simba Novemba 2023 ni kejeli? Hiyo ni hoja mkuu, tena ina vidole.

BiMkubwa: Mwanangu mkubwa hajibizwi. Marehemu mume wangu Yanga, shemeji Simba, siku ya debi hawali sahani moja, kesho yake unawakuta kibarazani wanagawana sigara.

WakiliWaMtaa: Sheria ya Makosa ya Mtandao 2015, kifungu cha 23, unyanyasaji mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Ila kwanza wewe ulimjibu nini?

Mtu_Kati: Kawaida tu.

WakiliWaMtaa: Bandika hiyo kawaida.

Mtu_Kati: "Mzee umri umefika akili imebaki stendi." Lakini alianza yeye! Na kumtoa grupu nilifuata utaratibu, nilitoa onyo.

KijikoChaSupu: Onyo lilikaa siku ngapi?

Mtu_Kati: Dakika mbili. Halafu… ndiye baba wa mchumba wangu, mahari nimetoa nusu.

BiMkubwa: Yarabi!

Mkaa_Kijiweni: Chai hii. Grupu la WhatsApp mwisho watu 1,024, hao wengine umewaweka stoo?

Mtu_Kati: 150 mkuu, sifuri ilijiongeza.

Mkaa_Kijiweni: Chai ya maziwa kabisa, naomba na kitumbua.

BiMkubwa: Iwe chai iwe uji, mwanangu funga hiyo simu umfuate mshenga, mwende kwa mzee leo leo, na usimtajie 2012.

Mtu_Kati: Mama nitaenda, ila kumrudisha bila yeye kuomba radhi wanagrupu watanionaje? Sheria ni msumeno.

KijikoChaSupu: Mshenga anajua?

Mtu_Kati: Mshenga ndiye admin mwenzangu. Kamrudisha sasa hivi. Naona hapo juu "anaandika…" dakika ya nne hii.