Tupeane uzoefu: mtihani wa nadharia wa udereva hapa Tanga, uliulizwa nini?

binti_mabawa
Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu wa kike ana lena (leseni ya mwanafunzi) mkononi, anajifunza gari dogo, daraja D. Usukani anaumudu vizuri. Kinachomnyima usingizi ni mtihani wa maswali, maana kila anayemuuliza ana lake: huyu kariri vibao, yule soma injini.

Mimi nilishapita huko. Nilichokiona ni kwamba mkaguzi hakuwa na haja na majina ya vibao. Alinionyesha pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini, nikasema "toa njia". Akaniuliza: unampisha nani, na gari lako wakati huo linafanya nini? Mtihani ulianzia hapo. Nikamweleza kuwa napunguza mwendo, natazama barabara ninayoingia, kukiwa na gari nasubiri, kukiwa kweupe napita bila kusimama. Akaja na kile chekundu cha pembe nane. Hicho hata kuwe kweupe vipi, matairi yasimame kabisa, ndipo uondoke. Tofauti ya vibao hivyo viwili tuliijadili kuliko kitu kingine chochote.

Mliofanyia hapa Tanga, mwageni uzoefu wenu, atapita kuusoma mwenyewe.

mwalimu_wa_usukani
Marahaba dada, umegusa penyewe. Nafundisha udereva na kila kundi nalipeleka kwenye mtihani, kwa hiyo naandika kwa kirefu kidogo.

Mwambie mdogo wako aanze na umbo la kibao kabla ya picha iliyomo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya kuwa mbele kuna jambo. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au linakuwekea kikomo. Duara la buluu linakuamrisha. Mstatili unakupa taarifa. Akilishika hilo, hata akiwekewa kibao ambacho hajawahi kukutana nacho, hatakaa kimya.

Swali linalowaangusha wengi: taa ni ya kijani, ila trafiki amesimama katikati ya makutano na amekunyooshea kiganja. Unafuata nani? Unamfuata askari. Taa haijui kwamba kuna gari la wagonjwa linakuja upande wa pili, yeye anajua. Na taa ya njano asimjibu mkaguzi kwamba ni ya kukimbizia gari. Njano ni kusimama, isipokuwa umeshaukaribia mstari kiasi kwamba ukifunga breki utasababisha ajali.

Kipilefti: unayeingia unampisha aliye ndani, anayekujia kutoka kulia kwako. Wanafunzi wengi wanalijua kwa mdomo, ila ukiwapa vigari vya kuchezea mezani wanaanza kugonganisha. Ndiyo maana huwa nasema achore. Achukue daftari, achore makutano, aweke magari matatu, ajiulize nani anatangulia.

La mwisho ni mwendo. Kibao cha 50 atakijua, ila aulizwe kwa nini 50? Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka kati ya nyumba za Ngamiani, mpaka akili yako ishtuke na mguu ufike kwenye breki, umeshazimaliza mita kadhaa kabla gari halijaanza hata kupunguza. Mwanafunzi akilielewa hili, kikomo hakisahau tena.

waja_leo
Mwalimu heshima yako. Mimi ni wa bodaboda, daraja A, na niseme wazi kwamba hata sisi wa pikipiki tunaulizwa mambo ya magari, maana barabara ni moja.

Mimi maswali yalikuwa mengi kwenye kuovateki. Mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara, huvuki. Uliokatika, unavuka kama mbele ni salama. Ikiwepo miwili sambamba, mmoja umekatika na mwingine haukukatika, unaangalia ulio upande wako. Nikaulizwa pia wapi hairuhusiwi kabisa: kwenye kona, kilele cha mlima, kwenye zebra, kwenye makutano. Anayetoka Pongwe kwenda Muheza nyuma ya lori anajua jaribu lake lilivyo.

Halafu baiskeli. Mji wetu umejaa baiskeli, kwa hiyo usishangae kuulizwa unampitaje mwenye baiskeli. Jibu si "napiga honi". Unapunguza mwendo na kumwachia nafasi pembeni ya kutosha, akikwepa shimo asiingie kwako. Na penye reli, unasimama, unatazama kote, unasikiliza. Treni haiwezi kukukwepa wala kusimama ghafla.

mama_wa_duga
Asanteni wanangu, nami nichangie machache.

Nimepata leseni nikiwa mtu mzima, wenzangu darasani ni vijana wa kunizaa. Umri si kikwazo, mradi umefikisha miaka 18. Macho ndiyo uyaangalie mapema. Kama unavaa miwani nenda nayo, kusoma maandishi ya mbali ni sehemu ya kupimwa.

Chuo kimoja nilichoanzia kilitupa karatasi ya vibao ya kurudufu, nyeusi na nyeupe. Sasa vibao bila rangi utajuaje lipi duara la kukataza na lipi la kuamrisha? Nilihama.

Na vishoka watamfuata. Watamwambia alipe, cheti kitakuja bila kukaa kwenye mtihani. Asikubali, nasema kwa uchungu. Leseni yenyewe ni ya miaka 5, hiyo yote utaendesha na watoto wa watu barabarani huku hujui nani anampisha nani?

mdogo_wa_mabawa
Shikamooni wote. Mimi ndiye muhusika, nimesoma kila neno. Mwalimu, samahani, na injini je? Wanauliza?

mwalimu_wa_usukani
Marahaba binti. Wanauliza, ila ya dereva, siyo ya fundi. Kabla ya kuwasha unakagua nini: maji, oili, breki, upepo na kashata (mikato ya juu) za matairi, taa zote. Gari likiharibika njiani unafanya nini: unalitoa barabarani ukiweza, unaweka pembetatu zako za kuakisi mwanga mbele na nyuma. Ukiulizwa "kwa nini" ujibu kwa sauti yako mwenyewe, usitafute maneno ya kitabuni.

Wanafunzi wangu Jumamosi asubuhi tunatembea kwa miguu tukisoma vibao na michoro, tunaanzia viwanja vya Tangamano kuingia Ngamiani. Njoo na dada yako, hakuna malipo. Leteni daftari na penseli.